Waraka kwa wakata miti wenzetu: breki kwanza

Ndugu wanachama,

Hapa Mufindi mvua zimekata, barabara za msituni zinapitika, na viwanda vinasubiri magogo. Najua pia kwamba tunalipwa kwa mti, si kwa saa. Ndiyo sababu naandika.

Wiki iliyopita nilizunguka vitaluni, nikakuta misumeno mitatu ya mnyororo ambayo breki zake zimefungwa waya. Wenyewe waliniambia breki inawachelewesha.

Mnyororo huo hukimbia takriban mita 20 kwa sekunde. Robo ya juu ya ncha ya upanga ikigusa tawi lililojificha, msumeno huruka kumrudia mkataji usoni. Hakuna mkono unaouwahi. Breki ndiyo inayouwahi, basi ijaribuni kila asubuhi kabla ya mti wa kwanza. Dole gumba la kushoto nalo lizunguke mpini kwa chini, lisikae juu pamoja na wenzake. Mimi nililizoeza kukaa juu, na kovu la begani ndilo malipo yangu.

La pili linaniuma zaidi. Msindano ukikwama kwa mwenzake, tumezoea kuukata ule unaoubeba. Jamani, huko ni kukata nguzo ya nyumba huku umo ndani! Vuteni kwa winchi au trekta mkiwa mbali, na asipite mtu chini yake.

Mti wa mita 25 unataka wenzako wakae mita 50. Fyeka kwanza njia yako ya kukimbilia, nyuma kwa mshazari, maana shina likikatika huweza kurudi nyuma moja kwa moja. Asikate mtu peke yake. Petroli iongezwe injini ikiwa imepoa. Na ile suruali nzito mnayoilalamikia joto, nyuzi zake hujisokota kwenye gia na kuusimamisha mnyororo kabla haujafika mfupani.

Walioajiriwa wakumbuke kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape vifaa vya kujikinga. Ombeni bila haya.

Kuanzia Jumatatu, msumeno wenye breki iliyofungwa waya hautaingia kitaluni. Mwenye nao aulete ofisini kabla ya Ijumaa, fundi atakuwepo.

Wenu kazini,
Katibu wa ushirika