Mnada wa simu: tusiuze mahindi yetu kwa mshale wa saa

Batata na bamama wa koperative, nianze na kosa langu mwenyewe. Mavuno yaliyopita, koperative moja ya njia ya Kasenga iliniomba niisaidie kuuza mahindi kwa mnada wa simu. Tulifungua kundi la WhatsApp, tukaingiza wanunuzi wa Ruashi na wa mjini, tukatuma picha za mifuko. Kanuni niliandika mimi: mnada unafungwa saa kumi na moja kamili ya jioni, na mwenye bei ya juu anachukua.

Tangu asubuhi kundi lilikuwa kimya. Mtu mmoja alitaja bei ndogo, kiisha wote wakanyamaza. Ilipobaki dakika moja, mwingine akaongeza kidogo tu. Dakika mbili baada ya kufunga, ujumbe wa mnunuzi wa tatu ukaingia: bei yake ilipita zote, lakini rezo ilimchelewesha. Tulimkatalia, juu kanuni ni kanuni. Mama mmoja akaniuliza: «Agronomu, ile bei ya mwisho njo ilikuwa mukubwa. Tumeiacha juu ya nini?» Sikuwa na jibu zuri. Leo ninalo.

Mnunuzi anayengoja sekunde ya mwisho si mwizi. Anafanya hesabu. Akitaja bei mapema, mwenzake atampita, na bei itapanda. Akinyamaza mpaka mwisho, wengine hawapati nafasi ya kumjibu. Wote wakifikiri hivyo, siku nzima inapita bila ushindani, na mahindi yanakwenda kwa yule mwenye rezo nzuri. Mwenye kupoteza ni mlimaji.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Kwenye eBay, soko la mnada wa intaneti lililoanza Marekani mwaka 1995, mnada unafungwa kwa saa iliyopangwa, na wanunuzi wengi wamezoea kuvizia sekunde za mwisho. Amazon nayo, ilipokuwa na minada yake, iliweka kanuni nyingine: mtu akitaja bei karibu na mwisho, muda unaongezwa, mpaka zipite dakika kumi bila bei mpya. Wataalamu wawili, Alvin Roth na Axel Ockenfels, walilinganisha masoko hayo mawili na kutoa matokeo yao mwaka 2002. Walikuta kwamba waviziaji ni wengi zaidi kwenye eBay. Wanunuzi ni watu wale wale wenye tamaa ile ile. Kanuni ya kufunga njo iliyobadilisha tabia yao.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haihitaji franga. Tuandike hivi: bei mpya ikiingia ndani ya dakika tano za mwisho, mnada unaongezwa dakika tano tena, na kila bei mpya ipite ya mbele kwa kiasi kilichopangwa, isiwe franka moja moja. Wengine watasema tutalala usiku tukingoja. Hapana. Mnunuzi akijua kwamba kuvizia hakumsaidii, atataja bei yake mapema, na sisi tutarudi nyumbani na jua.

Dawa ya pili, ambayo wengi mnaniomba, ni bei ya chini: kusema kwamba chini ya hapa hatuuzi. Hapo ninaomba tuende polepole, juu dawa hii inaweza kumuua mgonjwa.

Tuangalie mnada wa chai wa Mombasa, Kenya. Uliingia kwenye mtandao mwaka 2020, wakati wa korona. Mwaka 2021, KTDA, shirika linalouza chai ya wakulima wadogo, liliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa nzuri: kumlinda mkulima. Lakini chai nyingi haikupata mnunuzi kwa bei hiyo, ikabaki kwenye maghala, na chai iliyokaa sana inapoteza ladha. Mkulima alikuwa na bei nzuri kwenye karatasi, lakini mzigo haukuuzwa. Baadaye bei hiyo iliondolewa.

Upande wa Tanzania, mwaka 2018, wakulima wa korosho wa kusini walikataa bei za mnada kwa sababu zilikuwa ndogo mno. Serikali ikaingia, ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kubeba mzigo. Wale walipokataa, nyuma yao kulikuwa na serikali yenye makamyo. Sisi tukikataa, nyuma yetu kuna nani?

Kuna depo yetu tu. Njo maana ninasema: bei ya chini ni ahadi ya kurudisha mzigo nyumbani na kuulinda. Kama depo inavuja, kama fukusi wameingia, kama wanachama wana deni la mbolea na masomo ya watoto yanakaribia, mnunuzi anajua kwamba hatuwezi kungoja. Atanyamaza leo, kesho atarudi na bei ndogo kuliko ya jana. Tena mahindi ya Zambia yakipita kwa wingi Kasumbalesa, bei inaweza kushuka sisi tukiwa tunangoja.

Kwa hiyo tusichukue bei ya chini kwenye ndoto zetu. Tuihesabu kwenye daftari: mbegu, mbolea, mikono ya kulima, mifuko, usafiri mpaka Ruashi. Kiisha tujiulize: tukingoja miezi mitatu, tutapata kiasi gani, na fukusi watakula kiasi gani? Koperative yenye depo kavu na akiba kidogo iweke bei ya chini bila woga. Isiyo nayo, iuze sehemu ya mzigo bila bei ya chini ili wanachama walipe madeni, na iweke bei ya chini kwa sehemu ile tu inayoweza kuilinda.

Jambo moja bado: bei ya chini tuiseme wazi au tuifiche? Kuna wanaosema ikifichwa, wanunuzi wanapanda zaidi. Labda kwingine. Kwetu, siri ya komite ya watu sita haifiki jioni. Mnunuzi mmoja ataijua, wengine hawataijua, na huyo mmoja njo atakayetushinda. Tuiseme mbele ya wote kabla ya mnada, na isibadilishwe katikati, hata prezida mwenyewe akipigiwa simu.

Ninaomba kila koperative ilete kanuni hizi mbili kwenye mkutano mkuu kabla ya mvua kwisha, mahindi yakiwa bado shambani. Mkizikataa, sawa, lakini mzikatae mkiwa mmezisikia. Yule mama wa njia ya Kasenga bado ananiuliza habari kila tukikutana. Mavuno haya ninataka nimjibu kwa franga, si kwa maneno.