Bibi na Elimu ya Bamvua



Jioni moja, katika kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, nilimsikia mtoto wa darasa la tano akihifadhi somo la sayansi: maji ya bahari hujaa na kupwa kwa sababu ya mvutano wa mwezi na jua. Alilirudia mara nyingi, macho ameyafumba. Bibi yake, mkulima wa mwani, akamwuliza: "Basi, mjukuu wangu, leo mwezi ngapi, na maji yakoje?"

Mtoto akanyamaza.

"Leo mwezi saba," akasema bibi. "Maji ni mafu, sishuki pwani."

"Bibi, hayo hayamo kitabuni."

Bibi hakuongeza neno. Jibu lile lilinichoma, kwani mtoto alikuwa amejifunza kwamba elimu ni ile tu iliyopigwa chapa.

Kumbe aliyoyasema bibi ndiyo somo lenyewe. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua, ardhi na mwezi huwa katika mstari mmoja, au karibu yake. Mvutano wa jua huongezeka juu ya ule wa mwezi, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi saba au nane, na tena ishirini na mbili hivi, mivutano hiyo hupishana, yakaja maji mafu. Wakulima wa mwani na wachokoaji pweza hupanga kazi zao kwa hesabu hiyo, nayo ndiyo hesabu ya mwezi mwandamo tunayofungia saumu.

Laiti mwalimu angelianzia hapo! Wanafunzi wangeuliza wazee nyumbani, kisha wakasimika mti wenye alama ufukweni. Kila siku, kwa mwezi mzima, wangeandika tarehe ya mwezi mwandamo, umbo la mwezi, saa ya maji kujaa na kimo chake. Wangejionea kwamba maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Hapo kitabu na bibi wangekutana katika daftari moja.

Simaanishi kwamba kila lisemwalo na wazee ni sahihi. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtume akawakanusha: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Alikuwa katika huzuni ya mzazi, wala hakuiacha dhana ikapita. Basi nasi tuyapime maarifa ya wazee kwa ushahidi: yatakayothibiti tuyafundishe, na yasiyothibiti tuyaache kwa adabu.

Mzazi mwenzangu, usingoje mtaala ubadilishwe. Usiku wa leo mtoe mwanao uani, mtazame mwezi pamoja, kisha mpeleke kwa bibi au babu yake aulize. Naye mwalimu mwombe amkaribishe mzee huyo darasani japo kwa kipindi kimoja. Wazee wetu wanatutoka mmoja mmoja, na kila anayezikwa kabla ya kuulizwa huondoka na somo ambalo mtoto wetu hatalipata tena.

Wabillahi tawfiq.