Simu ya Mezani Inahamia Kwenye Intaneti. Wenye Simu Wameulizwa?

Vijana wenzangu, najua ukiona maneno "simu ya mezani" unataka kupita moja kwa moja ukatafute habari za tume ya uchaguzi. Subiri kwanza. Hii habari ni ya siasa kuliko unavyodhani.

Waya wa shaba unaondoka. Shirika letu la TTCL linatandaza faiba, na kampuni binafsi nazo zinatandaza. Faiba ikishaingia nyumbani au ofisini, simu ya mezani inahamia humo humo: sauti yako inageuzwa data na kupita kwenye kile kiboksi cha intaneti kinachowaka taa. Kwa maneno mengine, simu siyo laini inayojitegemea tena. Imekuwa mpangaji kwenye nyumba ya intaneti.

Utasema, "Kwani nani bado ana simu ya mezani? Sisi tuna simu mkononi." Nenda zahanati, kituo cha polisi, shule, hoteli, maduka ya jumla Kariakoo. Nenda kwa mzee mstaafu pale Upanga mwenye namba ya 022 ambayo watoto wake wa nje ya nchi wameikariri tangu wakiwa shule ya msingi. Hawa si wengi kama watu wa simu za mkononi, lakini ndio watu ambao simu isipoita, jambo linaharibika.

Waya wa shaba ulikuwa na siri moja

Simu ya zamani haikuhitaji umeme wa nyumbani kwako. Umeme wake, kama volti 48 hivi, ulitoka kituo cha simu kupitia waya ule ule unaobeba sauti. Kituoni kuna betri kubwa, na nyuma ya betri kuna jenereta. Kwa hiyo TANESCO wakikata, taa inazimika, friji linazimika, lakini ukinyanyua mkonga unasikia mlio.

Faiba ni kioo. Haibebi umeme, inabeba mwanga. Kiboksi cha ukutani kinataka umeme wako, ruta inataka umeme wako. Umeme ukikatika, simu imekufa. Na tusijifanye hatujui maisha yetu: siyo lazima TANESCO wakate. LUKU ikiisha saa nane usiku na hela haipo, simu ya nyumbani nayo imeisha. Mtu anataka kupiga 114 moto unawaka jikoni, na umeme ndiyo wa kwanza kuzimwa. Apige na nini?

Jibu la haraka ni "atumie simu ya mkononi". Sawa, kama ina chaji, kama ina mtandao ndani ya ile nyumba, kama bibi anajua kuitumia. Zile "kama" tatu waya wa shaba haukuwa nazo.

Tarehe tatu za kukumbuka

Tarehe 1 Aprili 2024, Gridi ya Taifa ilipata hitilafu, nchi ikaingia gizani. Fikiria zahanati yenye simu ya faiba na haina betri siku ile.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikayumba nchi nzima kwa siku kadhaa. Kampuni ikikuuzia simu ya intaneti ambayo mtambo wake wa kuunganisha simu uko nje ya nchi, unapiga kutoka Ilala kwenda Temeke na sauti inapitia baharini. Je, wateja wanaambiwa mtambo uko wapi?

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa. Siyo hitilafu, ilizimwa. Siku kadhaa watu hawakujua ndugu zao wako wapi, wako hai au la. Hapo ndipo suala hili linapotoka kwenye ufundi na kuingia kwenye siasa.

Tuwe wakweli: kitaalamu, kampuni inaweza kupitisha sauti kwenye mtandao wake wa ndani hata intaneti ya nje ikifungwa. Inawezekana kabisa. Swali langu ni moja: imeandikwa wapi kwamba itafanya hivyo? Kwenye leseni? Kwenye mkataba wa mteja? Kama haijaandikwa, basi tunamkabidhi mtu mwenye swichi moja uwezo wa kuzima habari na simu ya nyumbani kwa pigo moja. Na mwenye swichi tunamjua.

Filamu hii tumeshaiona

Desemba 31, 2012, Dar es Salaam ilizimiwa mitambo ya analojia ya televisheni. Tuliambiwa dijitali ni picha safi na chaneli za bure. Kilichofuata ni mwananchi kununua king'amuzi kwa hela yake, na mwaka 2018 kukazuka mvutano wa leseni hadi chaneli za bure zikaondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia ambavyo watu walishavinunua. Ugomvi wa leseni ni wa wakubwa, aliyekaa mbele ya kioo bila picha ni mwananchi.

Januari 2020 ikaja zamu ya alama za vidole. Laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa, huku watu wamepanga foleni NIDA kutafuta namba. Mwenye uwezo wa kutoa kitambulisho ni serikali, aliyeadhibiwa kwa kukosa kitambulisho ni raia.

Mtindo ni ule ule. Teknolojia haina ubaya. Ubaya ni kwamba ratiba inapangwa juu, gharama inashushwa chini, na mteja anajua siku ambayo kitu kimezimika.

Hata kwa wenzetu yamewakuta

Msidhani haya ni manung'uniko ya nchi maskini. Uingereza wanazima mtandao wao wa zamani wa simu. Tarehe ya kwanza ilikuwa Desemba 2025, wameisogeza hadi mwisho wa Januari 2027. Kwa nini? Kwa sababu watu walipiga kelele na mambo yaliharibika.

Mwaka 2022 kampuni ya BT ililazimika kusimamisha uhamishaji baada ya dhoruba kukata umeme na wateja kulalamika kwamba simu zao mpya zimezimika nao. Kule wazee na wagonjwa wapatao milioni 1.8 wana vifaa vya kuita msaada, unabonyeza kitufe shingoni na mtu anakuja. Vingi vilitegemea laini ya simu ya zamani. Mwishoni mwa 2023, baada ya vifaa hivyo kushindwa kufanya kazi kwa baadhi ya watu waliohamishwa, serikali iliziita kampuni na kuzisainisha ahadi ya kutomhamisha mteja kwa nguvu bila kuhakikisha yuko salama. Desemba 2025 mdhibiti wao, Ofcom, aliipiga Virgin Media faini ya pauni milioni 23.8 kwa kushindwa kuwalinda wateja wa aina hiyo.

Someni tena hapo. Mdhibiti aliipiga faini kampuni kwa niaba ya bibi mwenye kitufe. Hicho ndicho tunachokitafuta: mdhibiti anayemwogopa mteja kuliko anavyoiogopa ofisi ya mkubwa.

"Lakini shaba imechoka"

Ni kweli, na tusibishe ukweli. Nyaya zimezeeka, maji yanaingia kwenye maungio, vipuri vya mitambo ya zamani havitengenezwi tena, na wezi wamezikata na kuziuza kama chuma chakavu. Faiba inabeba mara nyingi zaidi na mwizi hapati cha kuyeyusha. Mimi siyo mtu wa kulilia waya. Mtaa wangu ukipata faiba nitashangilia.

Ila kuchoka kwa shaba hakumpi mtu ruhusa ya kukuondolea huduma iliyokuwa inafanya kazi gizani akakupa isiyofanya kazi gizani, halafu akaiita maendeleo. Na TTCL siyo duka la mtu. Hisa asilimia 35 ziliuzwa kwa wawekezaji wa nje mwaka 2001, na mwaka 2016 serikali ikalipa shilingi bilioni 14.9 kuzirudisha kutoka Bharti Airtel. Hela yetu hiyo. Sasa ni shirika la umma asilimia mia. Mteja wake ndiye mwenye mali, na mwenye mali haletewi taarifa baada ya fundi kuondoka na ngazi yake.

Tunachodai

1. Taarifa na ridhaa. Mteja apewe barua kwa Kiswahili, mapema, inayosema wazi: simu hii haitafanya kazi umeme ukikatika. Asaini akiwa anajua.

2. Betri. Uingereza kanuni inataka angalau saa moja kwa wanaotegemea simu hiyo, na umeme wao hausumbui kama wetu. Sisi tunataka saa nne, bure kwa zahanati, vituo vya polisi, shule, wazee na wagonjwa.

3. Sauti isizimwe na intaneti. Iandikwe kwenye masharti ya leseni kwamba simu ya nyumbani na namba za dharura, 112 na 114, zitaendelea kufanya kazi hata intaneti ikifungwa.

4. Namba na gharama. Namba ya zamani ibaki. Anayetaka simu tu asilazimishwe kununua kifurushi cha intaneti.

5. Waya usikatwe kwanza. Laini mpya ipimwe, ipigiwe, umeme uzimwe makusudi tuone. Ikifaulu ndipo ya zamani iondolewe.

6. Hesabu wazi. TCRA hutoa takwimu za mawasiliano kila robo mwaka. Iongeze ukurasa mmoja: waliohamishwa wangapi, waliolalamika wangapi, waliojibiwa wangapi.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji mapinduzi. Yote yanahitaji kalamu na mdhibiti asiye na woga.

Kelele zinafanya kazi

Mkumbuke Aprili 2021. Vifurushi vipya vilitoka, bei ikawa kichekesho, vijana tukawaka mitandaoni, na serikali ikasitisha ndani ya muda mfupi. Hakuna aliyetupa kwa huruma, tulidai.

Kwa hiyo fanya hivi wiki hii. Ukienda nyumbani au ofisini kwenye simu ya faiba, zima umeme kwenye swichi kubwa, nyanyua simu, sikiliza. Kama kimya, mwandikie mtoa huduma na udai namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Wakikupiga danadana, peleka TCRA na nakala kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Kisha lilete tawini, tulikusanye na mengine. Malalamiko ya mtu mmoja yanawekwa kwenye droo. Ya kata nzima, yenye tarehe na namba za kumbukumbu, hayaingii kwenye droo.

Na usisahau kumuuliza bibi yako kama ameshaambiwa kwamba LUKU ikiisha na simu yake inaisha.