Korona ilipeleka bili ya nishati jikoni

Tarehe 20 Aprili 2020, pipa la mafuta ghafi ya Marekani la kukabidhiwa mwezi Mei liliuzwa kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Muuzaji alikuwa radhi kumlipa mnunuzi ili amwondolee mzigo, maana matangi ya Cushing, Oklahoma, yalikaribia kujaa. Siku hiyo ilibaki vichwani mwa wengi, na ikazaa imani kwamba korona iliifunza dunia kuishi kwa nishati kidogo. Takwimu za mwaka mzima zinasema mengine. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikuta mahitaji ya nishati duniani yalishuka kwa takriban asilimia 4 mwaka 2020. Ndege zimeegeshwa, shule zimefungwa, mabilioni ya watu wameamriwa wasitoke, na kilichopungua ni hicho tu. Mafuta ndiyo yaliyoanguka hasa, kwa karibu asilimia 9. Umeme ulipungua kwa asilimia 1 hivi. Sehemu kubwa ya matumizi iliendelea kama kawaida, na baadhi ya yale yaliyokoma ofisini na shuleni yaliibukia nyumbani. Huko ndiko wanasiasa wetu hapa Kenya walikopaswa kutazama, nao wakatazama kwingine.

Ukubwa wa matumizi ya nyumbani ulionekana India usiku wa tarehe 5 Aprili 2020. Waziri Mkuu Narendra Modi aliwaomba wananchi wazime taa kwa dakika tisa kuanzia saa tatu usiku kama ishara ya mshikamano. Friji na feni hazikuguswa, lakini mahitaji yalishuka ghafla kwa zaidi ya megawati 31,000, zaidi ya mara mbili ya walivyotarajia wahandisi. Hiyo ilikuwa zaidi ya mara kumi na tano ya umeme ambao Kenya nzima ilitumia katika saa zake za kilele wakati huo. Gridi haikuanguka kwa sababu mitambo ya maji ilipunguzwa haraka, kisha ikapandishwa tena taa zilipowashwa. Kenya nayo ilianza kafyu ya saa moja jioni tarehe 27 Machi; zamu za usiku viwandani zikakatika, taa na televisheni zikawaka mapema majumbani. Kabla mwaka haujaisha, kilele cha mahitaji ya stima nchini kilikuwa kimeshapita rekodi ya kabla ya janga.

Wapo watakaosema kwamba hata kushuka kwa muda kulithibitisha kuwa inawezekana. Hewa ilisafika mpaka wakazi wa Jalandhar, kaskazini mwa India, wakaiona milima ya Himalaya kwa mbali. Ni kweli, na gesi ya ukaa itokanayo na nishati ilipungua kwa asilimia 5.8 mwaka huo. Lakini kufikia Desemba 2020 utoaji wa gesi hiyo ulikuwa tayari umezidi ule wa Desemba 2019 kwa asilimia 2. Mashine, magari na mitambo ya makaa ya mawe ilikuwa palepale ikisubiri kuwashwa. Kilichokuwa kimepungua ni kazi, na mtu aliyekosa kibarua hawezi kuhesabiwa kuwa amehifadhi mazingira.

Mtu huyo tumfuate mpaka jikoni. Mwenye mshahara aliyefanyia kazi nyumbani alinunua tokeni nyingi zaidi za stima, akanung'unika, akalipa. Kwa familia ya kipato cha siku, mapato yalikatika wakati uleule watoto waliokuwa wakila shuleni walipoanza kuhitaji chakula cha mchana nyumbani. Utafiti uliofanywa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, ulikuta kwamba zaidi ya robo ya kaya zilizokuwa zikipikia gesi ya mitungi ya kawaida zilirudi kwenye mafuta taa au kuni. Mtungi wa kawaida hujazwa wote kwa mara moja, na pesa za kuujaza kwa mkupuo ndizo zilizokosekana. Katika mtaa huohuo walikuwepo wateja wa mitungi yenye mita, ambao hulipa kwa simu kiasi kinachotosha mlo mmoja au miwili. Takriban asilimia 95 yao waliendelea na gesi. Basi tatizo halikuwa bei ya gesi peke yake, bali pia namna ya kuilipia. Serikali ingeweza kujifunza kitu hapo. Badala yake, Julai 2021 ikarudisha ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia, ukapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022 na kuondolewa mwaka 2023.

Upande wa stima, gharama nyingi hazikushuka hata matumizi yaliposhuka. Mikataba ya wazalishaji binafsi huwalipa kwa kuwa tayari kuzalisha. Mtambo ukikaa bila kazi, malipo yako palepale, na hatimaye huishia kwenye tokeni ya mteja. Kamati ya serikali iliyoongozwa na John Ngumi, iliyoichunguza mikataba hiyo mwaka 2021, ilieleza kuwa wazalishaji hao walitoa asilimia 25 ya umeme huku wakichukua asilimia 47 ya gharama ya kuununua. Wanaoitetea mikataba husema bila uhakika huo hakuna benki ambayo ingekopesha hata senti. Nakubali, mitambo haijengwi kwa ahadi tupu. Ila uhakika unaomwachia mnunuzi wa tokeni hatari yote ni bima ya upande mmoja. Mikataba mipya inaweza kuweka kiwango ambacho, mahitaji yakishuka chini yake, malipo nayo yanapungua.

Kuna wanaopendekeza njia ya Ghana, iliyotoa stima bure mwaka 2020 kwa watumiaji wa uniti zisizozidi 50 kwa mwezi, na nusu bei kwa wengine kwa miezi mitatu. Ilikuwa hatua ya ukarimu, lakini nyumba za wapangaji wengi wanaochangia mita moja huvuka uniti 50 upesi, na huko ndiko wanakoishi maskini wengi wa mijini. Tena ukarimu huo ulimwongezea unafuu mwenye kiyoyozi. Hapa Kenya, pesa za mpango kama huo zingefika mbali zaidi zikinunua mita za mitungi Mukuru, Kibera na Kisauni, na mita za stima za kila mpangaji, kabla ya janga lingine kubisha hodi.