TUSIPOKEE PESA BADALA YA OVAROLI



Sisi watu wa Buyangu tulio katika kazi ya njia ya reli tumepata habari ambayo imekwisha kuzunguka katika magenge yote. Tajiri anasema kwamba mwaka huu hatatoa ovaroli. Badala yake ataongeza kitu kidogo katika mshahara, kiitwe posho ya nguo, na kila mtu ajinunulie apendacho. Wengi wenu mmefurahi. Tumewaona mkihesabu kwa vidole, huyu mfuko wa mbolea, huyu karo ya mtoto. Sisi twasema mapema, kabla ya mkutano wa tawi, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa: pesa hiyo tusiipokee.

Ndugu wasiotujua watauliza, watu wa Buyangu na reli wapi na wapi? Ni kweli kwetu hakuna stesheni. Kwetu ni msitu wa Kakamega, upande wa kaskazini, na mashamba ya mahindi na miwa. Lakini barabara ya Kakamega kwenda Webuye iko karibu, na Jumatatu alfajiri mtu hupanda gari akaenda Webuye kwenye reli, ile ipitayo Eldoret kwenda Malaba na Uganda, iliyofika Kampala mwaka 1931. Wiki nzima tunalala huko, Jumamosi tunarudi kulima. Na tukiwa huko au tukiwa nyumbani, mvua ni ile ile. Msitu wetu hupata kiasi cha milimita 2000 kwa mwaka. Mtu wa Buyangu hahitaji kufundishwa maana ya nguo iliyolowa mgongoni.

Sasa tuseme juu ya zile ovaroli ambazo tajiri anataka kuziacha. Hatuzililii. Zilikuwa za namna ya bwelasuti, nguo moja kutoka shingoni hadi miguuni, kitambaa chepesi chenye nailoni, na zote za kimo kimoja. Mrefu ilimbana kati ya miguu ikapasuka siku ya kwanza alipoinama. Mfupi aliikunja mara tatu, na likija jua la saa sita hakuna namna ya kuvua nusu ila kufunga mikono yake kiunoni, ikaning'inia nyuma kama mkia. Tuliosoma shule za misheni tunakumbuka Daudi alivyovikwa mavazi ya vita ya mfalme Sauli akashindwa hata kutembea, akayavua. Yeye alikuwa na haki ya kuyavua. Sisi tukivua tunaandikwa barua.

Lakini ubaya mkubwa wa nguo ile ulikuwa ni mifuko. Ilikuwa na mfuko mmoja kifuani, usio na kifuniko wala kifungo. Ukiinama kutazama bolti, penseli inaanguka katika kokoto. Ukiinama tena, simu. Mifuko ya pembeni ilikuwa mifupi hata spana ndogo haikai. Kwa hiyo tulizoea kubeba vyombo mkononi, au katika gunia, au kuvichomeka kwenye mshipi wa suruali mpaka kiuno kinauma. Na jambo hili ndilo tunalotaka mlifikiri sana, kwa kuwa wakubwa wa ofisi hawalijui, na wenzetu wa karakana wanaofanya kazi karibu na meza yenye vyombo vyote huenda wasilione uzito wake.

Mtazameni yule tunayemwita kimeni. Asubuhi anaondoka peke yake, anatembea juu ya mataruma kukagua sehemu ya genge lake. Ana nyundo ya kurudishia kabari zilizolegea. Ana spana ndefu ya bolti za vyuma vinavyounga reli na reli. Ana bendera nyekundu na ya kijani. Ana fataki, zile za kuweka juu ya reli kumwonya dereva kwamba mbele kuna hatari. Ana daftari, penseli, futi ya kukunja, simu, maji ya kunywa. Basi mhesabieni mikono. Mungu alimpa miwili. Kokoto zinateleza, taruma la chuma lililolowa linateleza zaidi, na mbele kuna daraja ambalo chini yake ni maji matupu. Mtu aliyejaza mikono yote akiteleza hana cha kujishikia. Na gari la moshi likitokea kwenye kona, mwenye gunia begani anageuka polepole. Halafu wanamwuliza kwa nini hakutoka njiani upesi.

Dawa ya jambo hili inajulikana tangu zamani. Ni ile ovaroli ya kifua, yenye mikanda miwili inayopita mabegani na kupishana mgongoni. Chini ni suruali pana, mbele kipande cha kitambaa kinachofunika kifua, mikono iko wazi. Ndani unavaa shati lako, au fulana siku ya joto, au sweta wakati wa baridi ya asubuhi. Uzito wa vyombo unashikwa na mabega, hauvuti kiuno. Kifuani pana mfuko wa daftari na mfuko mwembamba wa penseli. Pajani pana mfuko mrefu wa futi na spana ndogo, na pembeni kitanzi cha nyundo. Ukitembea mikono ni mitupu. Si uchawi, ni ushonaji tu.

Wako wanaocheka kwamba hiyo ni nguo ya picha za sinema za Marekani. Vema, twende huko Marekani. Mwaka 1889, katika mji wa Detroit, mtu aitwaye Hamilton Carhartt alianza kushona ovaroli, na watu aliowashonea kwanza walikuwa ni wafanyakazi wa reli. Aliwaendea akawauliza wanataka nini katika nguo ya kazi, ndipo akashona. Wala mifuko ile haikuwekwa kwa urembo. Mtu wa reli alikuwa na saa yake, akawekewa mfuko wa saa. Alikuwa na futi, akawekewa mfuko wa futi. Ndugu, nguo ile walishauriwa watu kama sisi, miaka zaidi ya 130 iliyopita. Sisi katika mwaka huu hatujaulizwa hata kipimo cha kiuno.

Turudi kwenye posho. Mnasema, pesa ni pesa, sisi tutanunua wenyewe ovaroli nzuri kuliko za tajiri. Twawauliza kwa upole: nani kati yetu atanunua? Siku ya mshahara inamkuta mtu ana deni dukani, mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, mama mgonjwa hospitali. Ile posho haina alama. Itaingia katika shimo lile lile, na Jumatatu mtu atakwenda kazini na suruali ya mitumba na shati la sherehe lililochakaa. Hatumlaumu, maana hata sisi tungefanya hivyo. Ndiyo sababu hatutaki tupewe nafasi ya kuchagua kati ya chakula cha mtoto na nguo ya kazi.

Na siku atakapoumia, tajiri atakuwa na jibu tayari mdomoni. Atasema, huyu tulimpa pesa ya nguo, kitabu cha mishahara hiki hapa, yeye mwenyewe hakununua. Tazameni mzigo ulivyohamishwa kutoka bega lake kuja letu! Leo akitutuma njiani bila nguo, kosa ni lake. Kesho, akiisha kutulipa kitu kidogo, atasema kosa ni letu. Mwenye kununua hapa ni yeye, na anachonunua ni usalama wake ofisini.

Sheria iko wapi? Iko, nayo si ya kutafuta kwa darubini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 101, inamwamuru mwenye kazi kutoa na kutunza mavazi ya kujikinga yanayofaa, pale ambapo kazi inamweka mtu katika maji au katika kitu cha kudhuru, pamoja na glavu na viatu inapohitajiwa. Someni maneno mawili yale: kutoa, na kutunza. Haikusema kulipa. Tena neno la kutunza tumelipuuza sote. Ovaroli ikipasuka goti, nani ameshona? Ni mke nyumbani, kwa sindano yake. Ikiingia grisi, nani amefua, kwa sabuni ya nani? Tumemfanyia tajiri kazi hiyo miaka yote bila kujua kwamba si yetu. Na sheria hiyo hiyo inatuamuru sisi kuvaa kile tulichopewa. Basi atupe, tuvae.

Zaidi ya hayo, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1981 mkataba namba 155, na kifungu chake cha 21 kinasema kwamba mambo ya usalama na afya kazini yasimgharimu mfanyakazi chochote. Tajiri anayesema sisi ni wakorofi basi na aseme kwamba dunia nzima ni korofi.

Wengine mtasema kwamba chama kimezaliwa ili kudai pesa, na wazee wetu waligomea pesa. Ni kweli. Januari 1947 kule Mombasa watu wa bandari na watu wa reli waliweka vyombo chini pamoja kwa sababu mshahara haukutosha chakula wala kodi ya nyumba. Walidai pesa kwa kuwa jambo lililowabana lilikuwa pesa. Nasi tukitaka nyongeza ya mshahara tutaidai kwa jina lake, mchana kweupe, na tutaidai yote. Hatutaki nyongeza inayokuja imevaa ovaroli yetu.

Sasa neno kwa wenzetu, nalo si tamu. Kuna watu waliopewa ovaroli wakaziuza sokoni kabla hazijalowa mvua moja. Kila tukizungumza na ofisi habari hiyo inatupwa mezani kwanza. Mnampa tajiri fimbo ya kutupigia, tena bure, kwa bei ya kilo chache za sukari. Vilevile wako wanyapara waliokwisha kukubali posho kwa niaba ya magenge yao bila kuwauliza watu. Nyapara hakuchaguliwa na genge kusema habari ya nguo. Mahali palipo na wafanyakazi 20 au zaidi sheria inataka iwepo kamati ya usalama na afya, ambamo wafanyakazi wana watu wao. Kama kwenu haipo, hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza kabla ya swali la ovaroli.

Basi tunataka nini? Tunataka ovaroli ya kifua, mbili kwa kila mtu, ili moja ikiwa kwenye kamba nyingine iwe mwilini. Kitambaa kiwe pamba nzito. Wanaochomelea reli wanajua sababu, maana cheche ikiangukia nailoni huyeyuka na kushika ngozi. Pamba hiyo haihitaji kuvuka bahari. Kiwanda cha Rivatex kiko Eldoret, juu ya reli hii hii, nacho kilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Mafundi wa cherehani wamejaa Malava na Kakamega, kila baraza la duka lina watatu. Mistari ya kung'aa ishonwe juu ya ovaroli yenyewe, kifuani na mgongoni, maana sasa tunapewa kizibao cha kung'aa cha kuvaa juu, nacho kinafunika mifuko yote, na kila ukitaka penseli ni lazima ukifungue kama mtu anayetafuta kitambulisho. Mfuko wa kifua uwe na kifuniko na kifungo. Mikanda iwe ya kurefusha na kufupisha, na ncha zake zisining'inie, tusije tukanaswa tukishuka kwenye kiberenge.

Dada zetu walio katika magenge wametuambia jambo ambalo wanaume hatukulifikiri: bwelasuti ile iliwalazimu kuvua yote kila wakienda haja, katika vichaka. Wanataka ovaroli inayofunguka pembeni kwa vifungo mpaka nyonga. Ni haki yao, na iandikwe hivyo katika barua ya tawi, si kwa maneno ya kuzungukazunguka.

Wala tusidai kila kitu kiingie mfukoni. Nyundo kubwa na spana ndefu zina uzito, zikikaa pajani siku nzima zitatuvunja nyonga. Hizo zitakiwe mfuko wa turubai wenye mkanda mpana wa kuvaa mgongoni, mmoja kwa kila kimeni. Na fataki zikae katika kopo lake, zisiwekwe kifuani hata siku moja, hata kama mfuko ni mzuri namna gani. Tumemwona mtu akitembea nazo katika mfuko wa shati pamoja na kiberiti, tukajiuliza kama ana akili.

Mkutano wa tawi utafanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane, mahali petu pa siku zote. Fomu ya posho imekwisha kupelekwa kwenye magenge, na inataka sahihi ya kila mtu. Msitie sahihi kabla ya siku hiyo, na aliyekwisha kutia aje aseme, tutamwandikia barua ya kuiondoa. Kila genge lilete ovaroli moja mbovu kuliko zote, tuziweke juu ya meza mbele ya katibu. Fundi mmoja wa Malava amekubali kuja na futi yake. Atawapima kifua, kiuno na urefu wa mguu, na vipimo hivyo vitapelekwa kwa tajiri pamoja na barua.