Gari linanuka oili? Soma kabla baba hajafungua injini uani

Mama mmoja wa Mbagala ameniandikia kwamba kila wakikwama kwenye foleni, gari lao hujaa harufu ya oili iliyoungua, na mtoto wao wa miaka mitano mwenye pumu huanza kukohoa. Wakipata barabara nyeupe, harufu inapotea. Mumewe ameshaona tatizo: mpira wa kava ya juu ya injini, ile mafundi wanayoiita tapeti kava, umekauka na kuanza kuvujisha. Anataka kuubadilisha mwenyewe Jumamosi, hapohapo nyumbani, aokoe hela ya ufundi. Mama anauliza, je, kuna hatari kwa watoto?

Nianze na kikohozi. Oili inayovuja pale juu hushuka ubavuni mwa injini na kudondokea bomba la moshi linapoanzia, sehemu yenye joto kali sana. Hapo inaungua. Gari likitembea, upepo huutawanya moshi. Likisimama, moshi hupanda na kuvutwa na tundu la hewa lililo chini ya kioo cha mbele, kisha feni inawapelekea nyie mliokaa ndani. Kwa mtoto mwenye pumu, moshi wa aina yoyote unatosha kumbana kifua. Mpaka gari litengenezwe, bonyezeni ile swichi yenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake, ili hewa ya nje isiingie, na pampu ya mtoto isibaki nyumbani. Akitumia pampu na bado anahema kwa shida, au mbavu zinabonyea akivuta pumzi, nendeni hospitali. Oili ikidondoka kwa wingi juu ya bomba la moto inaweza pia kuwasha moto, kwa hiyo msiliahirishe jambo hili mwezi hadi mwezi.

Kazi yenyewe haitishi, kwa mtu mwenye subira. Injini ipoe kabisa, ikiwezekana ilale usiku kucha. Pete ya ndoa ivuliwe kwanza, maana chuma kikigusa betri kinaweza kuunguza kidole, kisha waya wa negativu utolewe. Vumbi lote la juu lifutwe kabla ya kufungua chochote, mchanga usije ukaingia ndani ya injini. Bolti zilegezwe kidogokidogo kuanzia pembeni kuja katikati. Kava ikigoma, igongwegongwe taratibu kwa kipande cha mbao, isichokonolewe kwa bisibisi, kwa sababu aluminiamu ikikwaruzwa itavujisha hata mpira ukiwa mpya.

Wengi huharibu kwenye silikoni. Wanapaka kuzunguka kava nzima kama keki ya harusi, kumbe kwenye injini nyingi mpira mpya huwekwa mkavu, na silikoni ya injini hutiwa kidogo tu pale kona kifuniko cha mbele kinapokutana na injini. Ikizidi, inaminyika kwenda ndani, inakatika, na vipande vyake vinaweza kuziba njia ya oili. Silikoni ya madirisha haifai kabisa. Kufunga ni kinyume cha kufungua: katikati kwenda pembeni, kwa zamu, bila kukamia. Bolti hizi ndogo kwenye magari mengi huhitaji kama nyutoni mita 10 tu, nguvu ya kiganja na si ya bega. Kipimo halisi kipo kwenye kitabu cha gari, na muda wa kuacha silikoni ikauke umeandikwa kwenye tyubu.

Sasa tuje kwenye watoto, na hapa naomba baba asome mwenyewe.

Petroli ya kusafishia huwekwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Hili ndilo linaloniogopesha kuliko injini yenyewe. Mtoto akiona chupa ya soda anaona soda. Akinywa petroli au mafuta ya taa, usimtapishe na usimpe maziwa. Yakirudi juu huingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi, mkimbize hospitali na chupa uende nayo. Bora kutumia kitambaa na maji ya sabuni kwa uchafu wa nje, na petroli isiwepo uani kabisa.

Baba pia asinawe kwa petroli, ingawa kila gereji wananawa hivyo. Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, na hupenya kwenye ngozi. Oili chafu nayo ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka inahusishwa na saratani ya ngozi. Siku moja haimdhuru mtu, lakini glavu ni bei ndogo. Mikono ikichafuka, pakeni mafuta ya kula, sugueni na sukari kidogo, kisha sabuni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za mtoto.

Akiungua, maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si asali, si yai.

Oili chafu isimwagwe uani wala kupakwa mbwa mwenye upele. Iwekwe kwenye dumu lililofungwa, lenye maandishi, na kupelekwa gereji inayokusanya.

Wakati wa kujaribu injini, gari liwe nje. Kwenye banda lililofungwa moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoweza kumuua mtu kabla hajajua kinachomtokea.

Baada ya hapo harufu haitaisha siku ileile, kwa sababu oili iliyokwishadondoka kwenye bomba lazima iungue. Baba alitembeze gari peke yake siku mbili tatu kabla mtoto hajapanda. Wiki ikiisha na harufu bado ipo, amulike kwa tochi nyuma ya injini na kwenye matundu ya plagi, kwani nayo yana mipira yake midogo inayosahaulika.