Nauli ya Kwenda Kula

Ndugu msomaji, miezi michache iliyopita dada yangu mkubwa, aishiye Marangu, alinipigia simu usiku, saa ambayo kwa kawaida huwa amekwisha kulala. Hakuniuliza habari za watoto wala za kazi. "Mdogo wangu," alisema, "nenda ukamtazame mwanangu. Nasikia fedha za chuo anazila."

Kula fedha, kama ujuavyo, ni kuzifuja. Lakini safari hii neno lilikuwa kweli tupu, bila fumbo lolote. Mpwa wangu, binti wa mwaka wa pili anayesomea takwimu katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, alikuwa akizila fedha zake kwa kijiko na kwa vidole. Kila Ijumaa alikwenda kula nje. Kila Jumamosi alijaribu kupika alichokula jana yake. Na likizo ilipofika hakwenda kwao, bali alipanda gari au meli kufuata chakula alichosikia habari zake.

Sharti ukumbuke kwamba kwa wazazi wetu hoteli ya kula ilikuwa mahali pa msafiri, kapera, au mume aliyekosana na mkewe. Mtoto wa kike kuonekana akitafuna barabarani lilikuwa jambo la kuitiwa wazee. Tena mama yetu alikuwa kijana wakati wa upungufu wa chakula wa miaka ya 1970, akauona tena wa miaka ya 1980, nyumba nyingi zilipokula ugali wa mahindi ya njano, ule ulioitwa yanga. Mtu aliyelelewa na mama wa namna hiyo si rahisi kumwambia kwamba chakula chaweza kuwa matembezi. Ni katika miaka hiyo ya dhiki ambapo akina mama wengi wa mjini, mishahara ilipokuwa haifiki katikati ya mwezi, walitoka na masufuria yao hadi karibu na viwanda na majengo yaliyokuwa yakijengwa, wakawauzia wafanyakazi wali na ugali. Mteja alisema "nitilie", nao wakaitwa mama ntilie. Leo twawaita mama lishe, jina lenye adabu zaidi, ingawa mimi bado nalipenda lile la kwanza, kwa sababu ndani yake husikika sauti ya mtu mwenye njaa.

Basi nilikwenda. Wasichana wanne wamepanga chumba kimoja huko Sinza. Jiko lao ni la gesi, dogo, lililowekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Shikamoo mjomba." "Marahaba." Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu kwenye daladala, nikaanza kuyatoa kwa utaratibu kama mtu asomaye taarifa. Binti hakubisha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanitolea madaftari mawili.

La kwanza lilikuwa la hesabu. Wali maharage kwa mama lishe, shilingi 2,500. Chipsi mayai, shilingi 3,000. Chakula cha Kihindi huko Upanga, mara moja tu, kwa kuchangiana na wenzake. Samaki wa kuchoma pwani, shilingi 25,000, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Sirudii." Yeyote ambaye amewahi kulipishwa upepo wa bahari pamoja na samaki atamwelewa.

La pili lilikuwa la mapishi, na hili ndilo lililonikalisha chini.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa urojo. Mpwa wangu alivuka kwenda Unguja kwa boti, jioni akaenda Forodhani, ile bustani iliyo mbele ya bahari katika Mji Mkongwe, ambako wauzaji huwasha taa na majiko jua linapozama. Ameeleza pweza, mishkaki, na miwa inayokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu. Ameeleza pia kile wanachokiita pizza ya Zanzibar, yaani chapati nyembamba inayojazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ikakunjwa na kukaangwa juu ya chuma. Na kwa maoni yake jina hilo limewekwa kwa ajili ya wageni tu. Lakini moyo wake uliangukia kwenye urojo: mchuzi mzito wa rangi ya manjano, wenye uchachu wa ukwaju au embe mbichi, ndani yake viazi, bajia, kachori, vipande vya nyama, juu yake chatini ya nazi, pilipili na vijiti vya muhogo vilivyokaangwa. Aliporudi Sinza alijaribu kuupika. Mara ya kwanza ulitoka na madonge. Mara ya pili haukuwa na madonge, lakini ulikuwa na ladha ya unga mbichi, na wenzake wakaunywa kwa heshima tu. Ndipo alipompigia simu mama mmoja muuzaji ambaye namba yake aliiomba, na mama yule akamweleza kwa uvumilivu: unga wa ngano ukorogwe kwanza katika maji baridi, uchujwe, ndipo uingie kwenye maji ya moto yenye manjano, kisha ukoroge bila kuchoka, moto mdogo, hadi ubichi utoke. Ukwaju na ndimu huja baadaye. Mpwa wangu ameandika: "Nilikuwa na haraka. Urojo hautaki haraka."

Safari yake ya pili huko Unguja ilikuwa ya kuchekesha. Aliona nauli imepata punguzo, akaenda bila kutazama kalenda, akafika mchana wa mwezi wa Ramadhani. Milango ya mikahawa mingi ilikuwa imefungwa, na kula hadharani mchana katika mwezi huo huko si adabu. Mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya kula alishinda na njaa pamoja na wafungaji, asipate thawabu yao. Magharibi ilipoingia, familia iliyomkuta ameketi barazani ilimkaribisha futari: tende, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi. Hakulipa hata senti moja. Katika daftari la hesabu siku ile imeandikwa sifuri, na katika daftari la mapishi siku ile ndiyo yenye kurasa nyingi kuliko zote.

Dodoma alikwenda kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kufika huko mwaka 2024, akala ugali wa uwele kwa mlenda. Aliniambia kwamba safari ilikuwa ya haraka, nzuri, tena safi. Mimi nikamwuliza, na kuku je? Hakunielewa. Nikiwa mtoto, katika miaka ya 1990, baba alinipakia katika treni ya zamani ya reli ya kati, na hata leo sikumbuki tulikwenda kufanya nini Tabora. Nakumbuka tu kituo cha Saranda, watu wakikimbia kando ya mabehewa wakiwa wameinua sinia za kuku, na baba akinyoosha mkono dirishani huku treni inaanza kusogea, mimi nikiogopa kwamba kuku atabaki au baba atabaki. Treni mpya haina biashara ya dirishani. Sisemi kwamba turudi nyuma. Nasema tu kwamba kuna chakula kilichokuwa kinaishi kwa sababu treni ilikuwa inachelewa.

Kigoma alifika kwa basi, mifupa ikimwuma. Alikuwa amesikia habari za dagaa wa Ziwa Tanganyika, akitaka kuwaona wakiletwa ufukweni alfajiri. Akafika mwezi ukiwa mpevu. Wavuvi wa dagaa hutumia taa: samaki hufuata mwanga gizani, wakazolewa na nyavu. Mwezi unapong'aa ziwa zima, taa ya mvuvi haina cha kuwaitia, na mitumbwi hupumzika. Akakaa siku mbili zaidi ya alizokusudia, akala migebuka iliyopikwa kwa mawese, na ugali wa muhogo, akisubiri mwezi upungue. Tangu hapo akaanzisha jedwali mwishoni mwa daftari, kama mwanafunzi wa takwimu alivyo: miezi kwa upande mmoja, vyakula kwa upande mwingine. Novemba ameandika senene, Bukoba, na mbele yake alama ya kuuliza.

Msomaji, nakiri kwamba nilikuwa nimesahau nilichotumwa. Nikakumbuka nilipofungua tena daftari la hesabu na kutazama kurasa za mwisho wa muhula. Siku hizo mbili za ziada huko Kigoma zilikuwa zimelipwa na fedha za miezi iliyofuata. Wiki tano za mwisho zilikuwa na neno moja tu, likijirudia asubuhi na jioni: uji. Mwenzake mmoja, ambaye muda wote alikuwa kimya akikunja nguo, ndiye aliyenieleza lililobaki. Mpwa wangu alipatwa na kizunguzungu alipotoka chumba cha mtihani, akaketi kwenye ngazi, wakamletea soda na andazi. Somo lile alilipata kwa shida.

Hapo nilimgombeza, na sikuyasoma tena yale maneno niliyoyapanga. Nilimwambia kwamba posho ya chakula imetolewa kwa siku zote za muhula, si kwa Ijumaa peke yake, na kwamba haiwi mapenzi ya chakula mtu anapojitia njaa. Akajibu, kwa sauti ya chini, kwamba wapo wenzake walionunua simu kwa fedha zile zile na hakuna mjomba aliyetumwa kwao. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini simu haimwangushi mtu kwenye ngazi. Tukakubaliana jambo moja la vitendo: nauli na Ijumaa zitatoka katika fedha atakazopata kwa kuwapikia wenzake Jumamosi, kila mmoja akichangia, na posho haitaguswa. Kama fedha hazikutosha, Bukoba ingoje. Sijui kama hukumu yangu ilikuwa kali au laini. Wewe pengine ungetoa nyingine.

Nilikuwa nasimama niondoke nilipolipitia lile daftari la mapishi mara ya mwisho. Unguja ipo. Dodoma ipo, Kigoma ipo, na Tanga pia. Kilimanjaro haimo.

"Mbona kwenu hakuna ukurasa?" nilimwuliza.

"Vile vya kwetu navijua, mjomba."

"Basi nipikie mtori."

Akacheka, akachukua kikapu, akaenda sokoni. Ndizi zilikuja, nyama ya mifupa ikaja, kitunguu kikaja. Nilikaa kwenye kigoda nikitazama. Alizimenya ndizi zote kwanza, akazirundika juu ya sinia, ndipo akabandika nyama. Nyama ya mifupa, msomaji, haiivi kwa dakika kumi. Zilipoingia sufuriani zilikuwa zimegeuka rangi ya udongo. Hakuwa na kipekecho. Akaponda kwa mwiko. Tulichokula jioni ile kilikuwa cheusi, chepesi, chenye vipande, na wote tukajua kwamba hakikuwa mtori. Mtori ndicho chakula ambacho dada yangu alipewa alipomzaa binti huyu, kama apewavyo kila mzazi wa kwetu ili arudishe nguvu. Nilikuwa kijana mdogo wakati ule. Mimi ndiye niliyetumwa kuleta ndizi.

Nikapiga simu Marangu. Nilimweleza dada habari za posho, za uji, na za makubaliano yetu. Alisikiliza kimya. Nilipofika kwenye mtori, nikamkabidhi binti simu.

"Ndizi ya jina gani?" sauti ya dada ilisikika hadi nilipoketi.

Binti hakujua. Alikuwa amenunua ndizi za kupika, basi.

"Siyo mshale?"

Hakujua.

"Ulizitia kwenye maji ulipokuwa unazimenya? Ulipaka mafuta mikononi, au utomvu umekuganda? Nani alikwambia umenye kabla nyama haijalainika?"

Binti akawa anajibu hapana, hapana, hakuna. Kisha ukapita ukimya mrefu, nikadhani simu imekatika.

"Huko Kigoma," dada alisema polepole, "uliuliza jina la samaki?"

"Niliuliza, mama."

"Ukaliandika?"

"Nililiandika."

"Na mimi niko hapa miaka yote hii."

Ndipo nilipofahamu kwamba zile fedha zilikuwa sehemu tu ya kilichomfanya dada yangu akose usingizi. Binti alikuwa ameshika kalamu tangu simu ilipoanza, lakini ukurasa ulikuwa bado mweupe. Akasema, "Mama, naomba nije unifundishe." Hakujibiwa. Dada aliniomba mimi nirudi kwenye simu, akanizungumzia habari za mvua na za ng'ombe aliyezaa, akakata.

Dada yangu alikuwa ameniapia siku ile ya kwanza kwamba hatatoa hata shilingi moja zaidi. Usiku huo huo, saa nne kasorobo, ujumbe uliingia katika simu yangu. Alikuwa ametuma nauli ya basi hadi Moshi, kamili, bila ziada, na chini yake maneno machache: "Mwambie asile njiani."